Vuta Mpaka Mwisho

Noela alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya duka la nyama. Aliongea Kiingereza, kama alivyoongea nami tangu akiwa msichana wa sekondari. Akaniambia kwamba nyumba ya mama yake inabidi irudishwe kwa mwenyewe mwisho wa mwezi, vyombo vimeshagawiwa ndugu na majirani, na kitu kilichobaki ni gari. "You need a car, Aunty. Come Saturday, uone." Tulikuwa tumemzika Mama Noela wiki chache zilizopita, na pale makaburini nililia kwa adabu, kama mtu anavyolia akiwa amevaa viatu vya kubana na watu wanamtazama. Lakini hilo neno "uone" ndilo lililonivunja. Niliacha foleni, nikatoka nje, nikasimama karibu na toroli za duka nikilia kwa sauti, hadi mama mmoja wa Kivietinamu akanishika bega na kunipa tishu. Mama Noela hakuwahi kumwambia mtu aje achukue kitu. Sikuzote alisema uje uone.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa kwanza nilioishi nyumbani kwake Lidcombe, hapa Sydney, nikiwa mwanafunzi. Habari za kwetu Tanga na za jinsi nilivyopata nafasi ya kusoma nitaziacha. Wengi wameshazisimulia za kwao na zinafanana. Chumba changu kilikuwa kile kilichopakana na jikoni, chenye dirisha linalotazama reli, na jioni ya kwanza Mama Noela alipoleta kiti cha kusomea aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kikongo, "Kalia hiki, mwanangu, lakini usikizoeye." Nilidhani ni utani. Jumamosi iliyofuata niliporudi kutoka kuoga, kiti hakikuwapo, na mahali pake palikuwa na kingine chenye magurudumu, kilicholia kila nilipogeuka. Kumbe nilikuwa nimepanga kwenye nyumba ya majaribio. Mama Noela alifanya kazi ya kutunza wazee siku za juma, na Jumamosi alfajiri aliuza vitu vilivyotumika kwenye soko la magari la St Marys, lile ambapo watu huegesha kwenye uwanja wa klabu, wanafungua buti na kuuza vilivyomo. Sharti lake lilikuwa moja tu: hauzi kitu ambacho nyumba yake haijaishi nacho. Kwa hiyo tuliishi navyo.

Tuliishi navyo vyote. Kulikuwa na juma la birika lililotia chai harufu ya plastiki, na juma la kibaniko kilichounguza mkate upande mmoja, tukala mkate mweupe huku na mweusi kule hadi Noela akasusa. Kulikuwa na sufuria ya umeme ya wali ambayo ilijizima ikifurahi, wali ukiwa haujaiva, na Mama Noela akawa anakaa mbele yake na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, mapajani, akiitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto mzembe. Nilipiga pasi kwa pasi nyingi kuliko fundi wa kufua nguo. Ukifika mezani ulikuta dagaa wa kukaanga aliowaita ndagala, ugali wa fufu, mchicha wa lengalenga, na katikati kitu fulani kigeni kilichochomekwa kwenye umeme kikinguruma. Aliviokota mitaani, zile siku ambazo halmashauri huruhusu watu kuweka nje mizigo wasiyoitaka, au alivinunua kwa wanaohama. Vingine hakuviuza kabisa. Viti vya watoto vya kwenye gari alivikata mikanda kwa mkasi kabla ya kuvitupa. Nilipomuuliza kwa nini aharibu kitu kizima, alisema, "Sijui kama kilipata ajali. Kwa macho haionekani. Nikikiacha barabarani kikiwa kizima, mama mwingine atakiokota." Mablanketi ya umeme nayo aliyafanya hivyohivyo. Katika majaribio yake kulikuwa na tabia moja ambayo mimi na Noela tuliichekea sana: kitu chochote chenye waya au kamba alikivuta mpaka mwisho. Ile mashine ya kunyonya vumbi ambayo waya wake hujikunja ndani, aliuvuta wote, akaupitisha vidoleni polepole, kwa sababu, alisema, watu hutumia waya nusu tu, na ubovu unakaa kule kusikovutwa.

Siku nilipoenda naye sokoni mara ya kwanza ndipo nilipoona jambo la ajabu zaidi. Tulifika bado giza, wanunuzi wakiwa na tochi, wengine wakitumbukiza mikono kwenye buti kabla hujazima injini. Wauzaji wa pembeni walisifia: hiki kipya, hiki hakijatumika, hiki alikuwa nacho bibi yangu tu. Mama Noela alipanga vitu vyake juu ya kanga, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanyamaza. Mtu akiinua pasi na kuuliza bei, hakumtajia. Alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "No, no. You look first. You find the bad." Ilibidi mnunuzi atafute kasoro yake mwenyewe, aitaje kwa sauti, ndipo Mama Noela ataje bei. Ukiikosa, atakuelekeza kama mtu anayecheza na mtoto: tazama chini, tazama nyuma, vuta. Kama kasoro haionekani bila umeme, aliisema mwenyewe, na akasema pia urudi na kitu chenyewe Jumamosi ijayo kama amekosea. Wapo walioona ni wazimu wakaondoka. Lakini wapo waliokuja kwa ajili ya mchezo huo tu, na mmoja wao alikuwa mzee mmoja mweupe, fundi bomba aliyestaafu, ambaye tulimwita Mzee Kofia kwa sababu hatukuwa tumewahi kumwona bila kofia yake ya majani. Kila Jumamosi Mzee Kofia alikuja na miwani yake, akapiga goti mbele ya kanga, akatafuta kasoro za vitu asivyovihitaji. Akizipata alifurahi mpaka akaazima ndoo ya pili kukaa.

Kilichonishangaza ni jinsi alivyochukia kuaminiwa. Watu wetu, Wakongo wa kanisani kwake na sisi Watanzania wanafunzi, tulikuwa tumeshasambaza habari: kwa Mama Noela huuziwi mbuzi kwenye gunia. Basi wakaja wanunue bila kutazama. Nakumbuka kijana mmoja wa Mwanza aliyetaka hita ya chumbani. Alitoa hela moja kwa moja, akasema, "Mama, kwako nanunua nimefumba macho." Mama Noela aliirudisha ile hela kwenye mfuko wa koti la kijana kwa mkono wake mwenyewe. "Basi fumbua," alisema. "Usiniamini. Angaliya." Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza kama hakuona amemwaibisha. Alikuwa anaendesha taratibu, gari lake la zamani likikohoa kila tulipopanda kilima. "Zuhura, sikiya. Batu banasema, 'Mama, tunakuamini.' Kesho kitu ikiharibika, watasema mimi niliwaibia. Lakini kama mtu aliona kwa macho yake, franchement, kweli kabisa, tuko wawili ndani ya ile bei." Nimefanya kazi ya uhasibu maisha yangu yote, nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu waliovaa tai wakizungumzia uaminifu, na sijasikia aliyeusema vizuri zaidi.

Baridi ilipoanza, lile gari lililokohoa likanyamaza kabisa. Fundi alilifunika boneti kwa heshima kama mtu anayefunika maiti, akamwambia aliuze kama chuma. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito, na ilinichukua muda kuelewa uzito wake. Bila gari hakuna Jumamosi. Bila gari, zamu ya alfajiri kwenye nyumba ya wazee, ambayo ndiyo waliyompa, ingemponyoka, maana wakati huo hakuna treni inayowahi. Usiku nilimsikia jikoni akiongea peke yake kwa Kifuliiru, ile lugha ya kwao Uvira ambayo hakutaka sisi tuielewe. Kisha likaja jibu ambalo kila mtu aliliona kama zawadi ya Mungu: Papa Deo alikuwa na gari anauza.

Lazima nimweleze Papa Deo. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mpole wa sauti, aliyefanya kazi ya kuendesha mashine ya kupakia mizigo kwenye ghala la Wetherill Park. Mama Noela alipotua Sydney na Noela mgongoni, aliyewapokea uwanja wa ndege akiwa na makoti mawili mkononi alikuwa yeye. Jiko la kwanza la Mama Noela alilileta yeye. Shule ya Noela aliitafuta yeye. Kwenye kusanyiko lile hakukuwa na familia ambayo haikuwa na kitu chake mahali fulani ndani ya nyumba. Gari alilinunua kwa ndugu mmoja wa kanisa la mji mwingine, alikusudia kumpa mwanawe, mwana akapata kazi Perth akaondoka. Bei aliyomtajia Mama Noela ilikuwa ya undugu. Akina mama wa kwaya walikuja sebuleni kumpongeza kabla hata hajaliona, na mimi nikiwa chumbani nikijifanya nasoma niliwasikia vizuri. "Utaangaliya nini, Mama Noela? Ni gari ya Papa Deo," mmoja alisema. Mwingine akasema kukagua kitu cha mtu kama yule ni kama kufunua sufuria ya aliyekualika kula. Walicheka wote. Mama Noela hakucheka. Nilisikia tu kijiko chake kikikoroga chai kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Papa Deo alilileta Jumapili, baada ya ibada. Kwanza tulikula. Sombe lilikuwa limepikwa na siagi ya karanga, kulikuwa na samaki wa kuokwa, na maandazi yale ya Kikongo yalikuwa yanasubiri kwenye sinia kwa ajili ya baadaye, yamefunikwa taulo. Halafu wote tukatoka uani. Lilikuwa gari jeupe, refu, lenye buti la kuweza kumeza soko zima, limeoshwa hadi likang'aa, na ndani limening'inizwa kopo la manukato yenye harufu ya limau. Wakalizunguka. Papa Deo akaweka mkono kwenye boneti, akina mama wakaweka mikono yao, wakaliombea gari safari njema, na wakamshukuru Mungu aliyewapa ndugu wenye moyo. Mimi Mwislamu nilisimama pembeni na Noela, nikainua mikono yangu kwa namna yangu, maana dua ni dua. "Amina," Mama Noela akasema kwa sauti kushinda wote. Halafu akafungua boneti.

Alitazama mafuta, akafunga, akazunguka matairi, akainama. Kisha akasimama mbele ya Papa Deo. "Papa Deo, kasoro yake ni nini?"

"Haina kasoro, Mama. Ni mimi nakuuzia."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana niko nakuuliza."

"Mama Noela, acha basi," mama mmoja wa kwaya alinong'ona. Noela aliyekuwa karibu yangu alifunika uso kwa viganja na kusema, "Oh my God, Mum." Lakini Mama Noela alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Aliinamisha mwili wake mkubwa ndani, akashika mkanda wa kiti na kuuvuta. Ulikuja mweusi na safi. Akaendelea kuuvuta kama alivyovuta waya wa mashine ya kunyonya vumbi, bila haraka, ukipita vidoleni, hadi ukagoma. Na pale mwishoni, kwenye ile sehemu ambayo hakuna abiria aliyewahi kuihitaji, kulikuwa na mstari wa kahawia umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na chini yake mkanda ulikuwa mgumu, na vumbi laini likamwagikia blauzi yake nyeupe ya kanisani. Alisimama. Nakumbuka hasa jinsi alivyosimama: aligeuza mgongo wake mpana kuelekea kwetu, ili yule mkanda auone Papa Deo tu. Alisema kwa sauti ya chini, lakini sote tulimsikia. "Ni tope, Papa. Hii gari imekaa ndani ya maji."

Papa Deo alisema ni vumbi. Mama Noela hakubisha. Alimshikia mkanda tu, naye akautazama, akautazama tena, kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo, akaingia garini na kuondoka. Maandazi hayakuliwa. Akina mama walikusanya mikoba yao mmoja mmoja, na wa mwisho alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Baba wa watu umemvua nguo mbele yetu." Tulipobaki watatu, nilimwambia Mama Noela, kwa busara yangu yote ya mwanafunzi, kwamba angeweza kusema tu hela haijatimia, mambo yakaisha kwa amani. Alikuwa anapangusa blauzi kwa kitambaa kibichi na ile kahawia inazidi kusambaa. "Halafu aiuzie nani?" akaniuliza. Ndipo akanieleza kwamba kulikuwa na familia imefika karibuni, wanakaa huko St Marys, wana watoto wadogo, na wameshamwomba Papa Deo kama Mama Noela hatalichukua walichukue wao. "Wale hawataangaliya, Zuhura. Watashika boneti, watasali. Na breki iko na kutu ndani." Kisha akaketi kwenye kile kiti chenye magurudumu, kikalia, na yeye akalia pia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Aliogopa sana, nadhani, kuwa peke yake nchi ngeni. Undugu wa wale watu ndio aliokuwa ameuweka rehani, na alijua kabla hajashika ule mkanda.

Zilizofuata zilikuwa wiki za ukimya. Simu ya nyumbani haikulia. Kanisani, Noela aliniambia, benchi lao lilikuwa na nafasi tele. Ile zamu ya alfajiri Mama Noela alibadilishana na mwenzake kwa kumbembeleza, lakini hakuna aliyejua bahati hiyo itadumu hadi lini. Na Jumamosi ilipofika, nilidhani atapumzika. Aliamka gizani, akajaza toroli mbili za sokoni, moja akanisukumia mimi, na tukapanda treni kwenda St Marys na pasi, birika na redio. Hebu niambie, ni nani anakwenda kwenye soko la kuuzia kwenye buti bila gari? Alitandika kanga yake kwenye lami katikati ya magari mawili, akageuza ndoo yake, akaketi. Mzee Kofia alipofika alitazama kulia, akatazama kushoto, akauliza gari liko wapi. "You find the bad," Mama Noela alimwambia, akinyoosha mikono kuonyesha lami tupu. Mzee yule alicheka hadi kofia ikaanguka, ndiyo mara pekee nilipokiona kipara chake. Mimi nilikuwa na umri wa kuona aibu kwa kila kitu, na niliona aibu kukaa pale chini watu wakituruka. Lakini nilimtazama alivyonyoosha mgongo kwenye ile ndoo, nikajisemea kwamba nikifikia umri wake na nikawa nusu tu ya hivi, nitakuwa nimeishi vizuri.

Tulikwenda hivyo kwa treni hadi asubuhi moja ya baridi kali, lile gari jeupe lilipoingia uwanjani. Papa Deo aliliegesha kando ya kanga yetu kabisa. Alishuka akiwa na koti lake la kazini, akatusalimia kwa kichwa, akafungua buti, likiwa tupu. Kisha akafanya kitu ambacho hata leo nikikikumbuka nasisimka. Alifungua mlango wa nyuma, akauvuta ule mkanda mpaka mwisho, akaufungia mlangoni, ile sehemu yenye tope ikabaki ikining'inia nje, kwa kila apitaye. Akasimama pembeni yake mikono nyuma, kama askari wa zamu. Kijana mmoja akaja kuuliza bei, gari safi namna ile. "This car was in the water," Papa Deo akamwambia. "I didn't know. Now I know. Now you also know." Kijana akaenda zake. Akaja mwingine akaambiwa hivyohivyo, na mwingine. Karibu na kufunga soko alikuja mwenye gereji ya vipuri, akatazama mkanda, akapiga mluzi, akasema anaweza kulichukua kwa ajili ya milango na vioo. Alilipa kidogo sana. Papa Deo alipeana naye mkono kana kwamba amelipwa vizuri.

Hakuondoka mara moja. Mama Noela alimsogezea ndoo ya Mzee Kofia, akammiminia chai kutoka kwenye chupa, na mimi nikajishughulisha kukunja vitu ambavyo tayari nilikuwa nimevikunja. "Yule baba wa St Marys amenipigia simu mara nyingi," Papa Deo alisema. "Anasema, 'Papa, nipe tu, mimi sina shida na wewe.' Ningempa, Mama. Kama si ile siku, ningempa." Akanywa chai. "Na nilisikia ile harufu. Siku nilinunua, nilisikia harufu ya maji ndani ya viti. Lakini yule ndugu alikuwa amenishika mukono, tulikuwa tunasali. Utafungua macho katikati ya sala, uulize harufu ni ya nini?"

"Mimi nafungua," Mama Noela akasema.

Papa Deo alimtazama, halafu akaanza kucheka, kwanza kifuani tu, kisha mabega yote yakatikisika, na Mama Noela naye akashindwa kujizuia. Walicheka hadi watu wa magari mengine wakageuka. Jumapili iliyofuata alikuja kula, na sombe lilikuwa lilelile, na akina mama wa kwaya walikuja nyuma yake bila kualikwa, kila mmoja amebeba sufuria. Kuanzia hapo nilisikia, mara kwa mara, watu wakilaumiana pale sebuleni kuhusu simu na friji walizouziana: "Uliangaliya? Ulivuta mpaka mwisho?" Hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu. Sikumbuki hata mmoja aliyeona tena kuwa ni tusi.

Gari Mama Noela alilipata kabla mwaka haujaisha, kwa Mzee Kofia. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mwanawe alimkataza kuendesha. Alilileta pale sokoni, akakaa kwenye ndoo ya Mama Noela, akamwambia kwa furaha ya mtu aliyeingoja siku hiyo kwa muda mrefu kwamba hatataja bei mpaka kasoro ipatikane. Mama Noela alilala chini ya lile gari na gauni lake la maua, miguu ikionekana nje. Alikaa humo asubuhi nzima, na mzee yule hakumharakisha hata kidogo.

Jumamosi hii nilifika Lidcombe mapema. Nyumba ilikuwa tupu, na kwenye kuta za jikoni kulikuwa na alama za mafuta palipokuwa na birika moja baada ya jingine. Gari lake la mwisho, dogo, la kijivu, lilikuwa chini ya banda. Noela sasa ni muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye uso wa mama yake na haraka za Sydney. Alinikumbatia, akatoa ufunguo mfukoni. Nikanyoosha mkono. "Sina haja ya kuliona," nikamwambia. "Nakuamini, mwanangu."

Akaurudisha ufunguo mfukoni. "Hapana, Aunty," akasema. "Usiniamini. Angaliya." Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia Noela akitoa sentensi nzima ya Kiswahili, na ilipotoka ilitoka na ulimi wa Uvira, kama vile ilikuwa imekaa humo muda wote ikisubiri kuvutwa.

Basi nikatazama. Nilifungua boneti, nikainamia matairi, nikanusa viti, nikavuta mikanda ya nyuma, yote mizuri. Mwisho nikaketi kwenye kiti cha dereva na kuvuta mkanda wake. Ulikuja umefifia, umekuwa wa kijivu, kingo zake laini kwa kusuguliwa. Nikaendelea kuuvuta. Mahali fulani rangi ya kijivu ikakoma ghafla, na kuanzia hapo mkanda ulikuwa mweusi, mgumu, kama ulivyotoka kiwandani. Pale ndipo mwili wa Mama Noela ulipokuwa ukiishia. Niliufunga. Ile alama ikanipita kifuani, ikapanda begani, na mkanda ulipojirudisha kunibana mimi nilivyo mwembamba, kipande kizima cha ile sehemu aliyoichakaza yeye kikarudi ndani pamoja na alama, maana sikuwa na mwili wa kukijaza.

Noela aliinama dirishani. "Umeona kasoro?"

"Nimeiona."

Akasubiri. Kwa desturi ya nyumba ile haitoshi kuiona, sharti uitaje, na hakunihimiza, akasimama tu na mkono wake juu ya mlango.

"Ni kubwa kwangu," nikasema.

Noela alifuta macho kwa mkono wa sweta, akatoa ufunguo, na akanitajia bei.